Salamu ya Kimakonde

Pesa ya korosho iliingia Ijumaa,
na shangazi Somoe akaja kibandani kwangu
nimsomee ujumbe, kisha nimsomee tena:
ile tarakimu ya mwisho, ni sifuri kweli au doa la kioo?
Ni sifuri, shangazi.
Magunia saba. Kangomba walimfuata tangu mikorosho haijatoa maua,
akawafukuza kwa ufagio.
Salfa alipulizia mwenyewe, kitambaa puani,
akakohoa njano mpaka Oktoba.

Jumamosi alipigiwa simu.
Sauti ya kijana, ya adabu, eti kutoka chama cha msingi:
malipo yamezidi, mama, tusaidie turekebishe,
usikate, taja tu zile namba nne.
Akazitaja. Ni mwaka aliomzika Chihuka, mwanawe.

Polisi waliandika kwa kalamu iliyokata wino
katikati ya jina lake.
Tutafuatilia, wakasema.
Newala tunajua kusubiri, tumezaliwa tukisubiri maji.
Mimi safari hii sikutaka.

Kuna ufundi niliojifunza usiku,
si huu wa kubadilisha vioo na kuchomelea tundu la chaji.
Nikafunga kibanda kwa ndani. Ukungu ukapita chini ya mlango.
Usiku kumi na mmoja nilifuata nyayo zake:
namba ikazaa namba,
laini iliyosajiliwa kwa jina la marehemu,
kiungo alichowatumia wengine kama Somoe,
na nyuma ya kiungo, kompyuta inapumua mahali, haijazimwa.
Dawa ya moto ni moto, nikajiambia.
Sikuuliza paa ni la nani.

Neno la siri lilikuwa mungumkubwa1.
Nilicheka peke yangu. Mwizi, na Mungu anamtaja!
Nikaingia na kiberiti changu: amri moja, mstari mmoja,
ingefuta kila kitu hadi jina la mashine.
Kidole kikiwa juu ya kitufe nikasema nione kwanza
anachokipenda, ili nijue ninamuunguzia nini.

Fatu Linjenje, mimba wiki ya thelathini na sita, damu pungufu.
Esha Mkwavila, mapacha, arudi Jumanne.
Chanjo za watoto. Dozi za wale wanaochukua dawa kimya kimya
ili mume asijue.
Kituo cha afya cha Nambunda.
Kompyuta moja, ya msaada, mezani kwa muuguzi.
Mwizi alikuwa amepanga humo bila kodi
kama nyoka ndani ya ghala la mtu. Alikwisha hama,
ameacha ngozi.

Nikaondoa kidole. Mkono ulibaki hewani, haujui pa kwenda.
Nikafuta ile ngozi, kisha nikaandika katikati ya kioo,
kwa herufi kubwa:
MUUGUZI, MMEINGILIWA. BADILISHENI NENO LA SIRI.
Nikalala nikidhani nimetenda wema.

Alhamisi mteja akaleta simu iliyolowa,
akasema umesikia, Nambunda wameingiliwa na wezi wa mitandao,
wameacha hata barua, watu hawana haya,
na muuguzi ameitwa wilayani kujieleza.
Wanawake wanaogopa kurudi kliniki, siri zao zimeonwa.
Nilikuwa nakausha betri. Niliendelea kukausha.
Zimeonwa kweli. Jumanne ilipita,
na sijui kama Esha alirudi.

Jioni shangazi akapita na ndoo kichwani, hakutaka kiti.
Umempata?
Nimempata mmoja, nikasema.
Anasema Kimakonde?
Maana yule alinisalimu Kimakonde.
Fedha nimeshailia, imekwisha. Lakini ile salamu
niliiitikia vizuri, mwanangu,
niliiitikia kwa furaha.

Maji yalitikisika ndooni, tone likamwangukia begani.

Ndiyo, nikamwambia. Anasema Kimakonde.
Tena ni wa hapa hapa.