Safu ya Pili

Kila tarehe kumi barua ya mfuko hufika,
na Verna Kitto huifungua kwa kisu cha siagi.
Huiruka picha ya meneja,
tai ya buluu, meno yaliyonyooka kuliko uzio wowote wa Mallee,
hushukia penye namba.

Februari: juu, moja nukta tisa kwa mia.
Soko zima: juu, mbili nukta mbili.
"Basi tumepata na tumeshindwa,"
huliambia birika, nalo halina la kusema mpaka lichemke.

Ukutani, kwa msumari mmoja,
linaning'inia daftari la mvua la baba mkwe:
tarehe, milimita, tarehe, milimita,
tangu mwaka ambao wanaume walirudi kutoka vitani
wakakuta mchanga umepanda hadi dirishani.
Len alipozikwa, Verna alichukua rula
akapiga mstari mwingine wima, kando ya mvua.
Safu ya pili. Asilimia.
Penseli ni ileile.

Maana fedha hizi zilikuwa na miguu.
Kondoo majike mia nne na kumi
walipanda lori alasiri moja ya joto,
Len akiwahesabu kwa kidole,
akapoteza hesabu, akaanza upya, akaiacha.
Leo ni vipande elfu thelathini na moja,
na hakuna hata kimoja kinacholia usiku.

"Mkakati wetu haujabadilika," huandika meneja.
"Tunanunua kampuni njema siku zinapochukiwa."
Len naye alinunua dume hivyohivyo:
mguu umepinda, bei ya kutupa,
mnada mzima umempa kisogo.
Alikufa kabla ya kukatwa manyoya.
Hilo halimo kwenye barua ya mtu yeyote.

Mwaka mfuko ulipopewa tuzo, barua zilinenepa.
Kurasa sita. Neno "subira" mara tisa.
Mgema kasifiwa; Verna akaonja,
akasikia maji.
Mwaka uliofuata: chini, chini, juu kidogo, chini,
na ada haikukosa hata mwezi mmoja.
Ada haijui kiangazi.

Sasa Septemba imefungwa.
Mvua: sifuri. Ngano imekuwa njano kabla ya kuwa ndefu.
Mfuko: juu, nne nukta sita,
mwezi bora kwa miaka mitano.
Sababu, aya ya tatu: tuliongeza hisa za benki moja
ambayo imesafisha mikopo mibaya ya mashambani.

Imesafisha.
Anavua miwani, anaifuta kwa aproni, anasoma tena.
Ng'ambo ya barabara, langoni kwa Colin Pfitzner,
kibao cha mnada kimepigiliwa tangu Jumanne,
na Jeanette anafua mapazia
ya nyumba isiyo yake tena.

Verna anapiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
sehemu ya benki ndani ya mfuko,
sehemu yake mwenyewe ndani ya sehemu hiyo.
Dola mia mbili na kumi na mbili.
Ni marobota kadhaa ya nyasi kavu,
kama yangekuwepo.

Anapiga simu Melbourne. Kijana mwenye adabu
anamwuliza tarehe ya kuzaliwa, halafu:
"Ungependa kuuza, Bi Kitto?"
Anafikiria goti la kushoto na daktari wa Mildura,
paa, tangi la maji lililotoboka.
"Hapana. Nilitaka kujua kama mnajua."
"Kujua nini?"
"Anaitwa Colin."
Kimya; vidole juu ya kibodi.
"Nitaliandika kwenye kumbukumbu."

Naye anaandika. Sifuri. Nne nukta sita.
Penseli inakwama kwenye nukta, inatoboa karatasi.
Kisha anachukua kikapu cha vibanio vya nguo
na kuvuka barabara,
maana mapazia yakilowa ni mazito,
na Jeanette ni mfupi, na kamba iko juu.