Ngozi Upande Mmoja

Jumanne usiku tulipanda ngazi za mawe,
vidato arubaini na kimoja, koti kwa koti,
Mervyn Yeo akihema, kikapu cha sandwichi mkononi.
Bryony alikwisha tangulia juu kwenye boriti
kuzifunga ndimi za kengele ngozi, upande mmoja tu,
desturi yetu ya msiba hapa Devon:
kengele hutamka, kisha hujirudia kwa mbali
kama mtu aliyehamia chumba cha pili.

Kamba sita. Watu watano.
Ya sita, ya Hedley, ilikuwa imeviringishwa msumarini,
sufu yake nyekundu imelika pale viganja vyake viliposhika
miaka thelathini na minane.
Wenzetu wa Chama cha bonde la pili walituazima mtu,
kijana wa benki, mikono laini, daftari la namba mfukoni.

Kisha hesabu:
moja mbili tatu nne tano sita,
mbili moja nne tatu sita tano,
mbili nne moja sita tatu tano.
Hakuna inayoruka. Kila moja husogea nafasi moja,
kama watu wa foleni wanaopishana kwa adabu,
na kazi nzima ni kurudi tulikoanzia
bila kurudia njia.

Tulidhani tumefika salama.
Mervyn alisema, "Simama," kamba zikatulia,
tukafungua chupa ya chai.

Ndipo tukamsikia Loveday ngazini,
mjane, koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
yeye aliyemwandikia askofu barua tatu
kuhusu kelele zetu, mumewe akiwa mmoja wa wapiga kelele;
yeye aliyefunga madirisha kila Jumanne
na kukiacha chakula cha Hedley mezani kipoe.

Hakuketi. Hakusalimu.
Alimtazama yule kijana, akanitazama mimi.
"Tatu na nne zimegongana," alisema,
"mara mbili, karibu na mwisho.
Yeye hapo angevuta pumzi kidogo.
Angewangoja."

Chai ilinipalia. Namba tatu ni yangu.
Mervyn aliweka kikombe dirishani,
akatema mate viganjani, akaishika kamba yake.
Hakuna aliyemwambia Loveday aketi.

Tukaanza upya.
Alibaki mlangoni, mkono ukutani,
midomo yake ikihesabu,
mbele yetu kwa pigo moja.