Mistari Mia Nne na Kumi na Miwili

Kitabu cha usharika kilinifikia kimeshachapwa upya,
faili moja refu: jina, nukta mbili, mwaka,
mstari chini ya mstari, kama soksi kambani.
Saa nne asubuhi, na Ísafjörður bado giza;
Januari hapa jua hukaa nyuma ya mlima, halina haraka.
Nikawasha birika, nikaandika skripti fupi:
kata mstari penye nukta mbili,
cha kushoto kiwe ufunguo, cha kulia thamani,
weka safuni, nenda unaofuata.

Ikakimbia bila kujikwaa. Hakuna kosa, hakuna onyo.
Nilishanyanyua kikombe kujipongeza
nilipohesabu, kwa mazoea tu ya mtoto wa muuza duka:
mistari mia nne na kumi na miwili imeingia,
funguo mia tatu tisini na saba zimetoka.

Watu kumi na watano.

Nikazishuku herufi zetu, zile zenye mikia na vipembe.
Zilikuwa salama.
Kisha, mstari wa sitini na moja:
Sólrún Eyjólfsdóttir: 1843
Na wa themanini na nane:
Sólrún Eyjólfsdóttir: 1846
Na wa mia na mbili, Mungu wangu:
Sólrún Eyjólfsdóttir: 1849

Nikafungua picha ya kitabu chenyewe.
Mwandiko wa mchungaji umelala upande, nyasi za upepo.
Wa kwanza: kifaduro, wiki tisa.
Wa pili hakuandikiwa ugonjwa, ila neno moja, "usiku".
Wa tatu akaishi, akazaa, akazeeka,
ndiye bibi wa bibi yake Guðfinna wa duka la mikate.

Wajina watatu wa tumbo moja.
Jina halikuzikwa; lilikunjwa, likangoja.
Mama aliliita miaka sita,
akaitikiwa na watu watatu.

Skripti yangu haikuwa na ubaya.
Ufunguo mmoja, kiti kimoja:
anayekuja humkalia aliyekuwapo,
na kiti hakilii.

Nilijaribu tarakimu: Sólrún_2, Sólrún_3.
Zikanikwama kooni. Hakuna mama aliyeita hivyo.
Nikajaribu kumlinda wa kwanza, wafuatao wakataliwe,
basi Guðfinna asingezaliwa.

Nikarudi mstari wa saba wa skripti.
Kabla ya kuweka, uliza: jina hili lipo?
Kama halipo, litandikie orodha tupu.
Lipo au halipo, sukumia mwaka mwishoni.
Basi. Hakuna ujanja.

Sólrún Eyjólfsdóttir: [1843, 1846, 1849]

Yale mabano ya mraba, nilipoyatazama sana,
yakawa mbao za kitanda,
na kati ya mtoto na mtoto mkato tu.

Kahawa imepoa. Funguo ni zile zile,
watu wametimia.
Wale kumi na watatu wengine
skripti iliwaokota kwa mkupuo mmoja, hata kope sikupepesa.
Mimi nikafungua picha,
nikawaendea mmoja mmoja.