Kichwa Kinaposema Ndiyo

Manispaa ya Plovdiv hunilipa kufundisha watu kukaa.
Ndiyo, kukaa: mgongo uguse kiti lakini usikilalie,
nyayo zote mbili sakafuni, mikono juu ya meza,
maana mkono uliofichwa humfanya mwajiri ajiulize
umeficha nini.
Chumba changu ni namba nne. Kioo chake kina ufa
unaompasua kila mwanafunzi kuanzia bega hadi nyonga.

Jumatatu akaja Tsvetanka, miaka hamsini na mitatu,
ishirini na tisa kati ya hiyo kaimaliza
akichambua majani ya tumbaku kwa kidole gumba,
hadi kiwanda kikafungwa, lango likauzwa kwa kilo.
Kucha zake zina rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Akazificha chini ya mkoba. Nikauondoa mkoba.
Akazificha chini ya mapaja.

Lakini kichwa ndicho kilichotutoa jasho.
Kwetu anayekubali hukitikisa huku na huku,
taratibu, kama anayechekecha unga;
anayekataa huinua kidevu mara moja, basi,
mlango umefungwa.
Bwana Wiebe, mwenye ghala jipya la maua, katoka Uholanzi.
Kwao ni kinyume. "Mbele yake, mama, geuza."
Unaweza kazi ya usiku? Akachekecha.
Hapana, inamisha!
Unaweza baridi? Akainamisha, akachekecha, akashika shingo.
"Hamsini na mitatu," akacheka,
"ndiyo kwanza najifunza kusema ndiyo."

Yaliyofuata alinisimulia akiwa amesimama,
kwa kuwa hayasimuliki kwa kukaa.

Kumbe Bwana Wiebe naye alikuwa na somo lake.
Usiku mzima hotelini alijizoeza mbele ya kioo
kuchekecha kama sisi.
Akauliza: unaweza kubeba kreti?
Tsvetanka akainamisha kichwa, kwa heshima zote, mara tatu.
Mzee wa watu akaandika kitu, uso umemshuka.
Tsvetanka akauliza: kuna basi la wafanyakazi?
Akamchekechea kwa tabasamu pana,
na mama wa watu akaliona tabasamu kuwa kejeli.
Kila mmoja kavaa kofia ya mwenzake
na hakuna aliyeiona njia.
Mkalimani, kijana wa simu mkononi,
alitafsiri maneno.
Vichwa havikuwa na mkalimani.

Akachukua mkoba wake.
Mezani palikuwa na sinia la vitunguu vya tulipu,
sampuli tu, vimepangwa kama mayai.
Sijui ni nini, aliniambia, labda hasira,
labda mazoea ya miaka ishirini na tisa:
mkono ukatoka mafichoni bila kuniuliza mimi wala yeye.
Kidole gumba kikabonyeza kimoja, kikakiacha.
Cha pili, kikakiacha.
Cha saba akakinusa, akakiweka mbali na wenzake,
kama mtoto mwenye surua.

Bwana Wiebe akatoa kisu, akakipasua.
Nje kilikuwa kizuri kuliko vyote.
Ndani, doa la kahawia, upana wa sarafu.

Hapo akafanya yote ninayoyakataza chumba namba nne:
viwiko mezani, mdomo wazi,
kiti kinalia kwa miguu miwili ya nyuma.
Akachekecha, akainamisha, akachekecha tena.
Tsvetanka naye akasahau Uholanzi yote,
akatikisa kichwa alivyofunzwa na mama yake.
Mkalimani akainua macho kwenye simu, kwa mara ya kwanza.
"Nadhani," akasema, "nyote wawili mnakubaliana."

Anaanza kazi tarehe mosi. Basi lipo.

Mimi bado nafundisha: mgongo, nyayo, macho.
Mshahara ni mshahara.
Ila siku hizi mtu akiketi mbele ya ule ufa,
kabla sijamgusa bega kumnyoosha,
namwomba anioneshe viganja,
namuuliza vimewahi kushika nini.