Lifti Inaanza na Re

Lifti yetu haipandi bila sarafu.
Ndivyo yalivyo majengo ya zamani ya Kutaisi:
unalipa ubebwe, ukikosa unahesabu ngazi.
Dada yangu Pikria huilipia hata asipokwenda popote.
"Inaanza na re," huniambia, sikio mlangoni,
"ikifika ghorofa ya tatu inateremka nusu sauti,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."

Ameirekodi mara arobaini na moja.
Simu yake haina nafasi ya picha.
Ina lifti, ina njiwa wa paa la shule,
ina mwokaji wa chini akibandika unga
kwenye ukuta wa tanuri, pa, pa-pa, pa,
ina mama akipiga chafya na kujitakia afya mwenyewe.
Wasichana wa rika lake hukusanya manukato.
Huyu hukusanya milango.

Januari alipata leseni ya udereva, jaribio la tatu.
La pili lilimshinda kwa kuwa alizima gari darajani
ausikie mto Rioni ulivyojaa;
mkaguzi akafunga daftari bila neno.
Machi alikata nywele, zile za kufika kiunoni,
akaziuza, akarudi na maikrofoni ya ukubwa wa kidole.
Mama alimnunia siku mbili.
Siku ya tatu akasema, "Haya, nizisikie hizo nywele."
Aprili, mbele ya ukumbi mzima,
uzi wa chonguri ulimkatikia katikati ya wimbo.
Aliendelea na nyuzi tatu zilizobaki,
na mwalimu Manana akausifu mtindo mpya.

Kisha Mei, siku ya kengele ya mwisho.
Wanaomaliza huvaa mashati meupe
na wenzao huyaandika mpaka weupe uishe:
majina, mioyo, matusi madogo ya mapenzi.
Pikria alitaka mistari mitano mgongoni.
Mimi ndiye niliyeichora, alfajiri, macho nusu
(mmoja umepinda),
naye akamwomba kila mtu atie noti moja, popote.
Tekle akatia tatu. Nukri akatia yai lenye mkia.
Bezhan, ambaye kwa miaka kumi na miwili
hakuwahi kumwambia zaidi ya "samahani,"
alisimama nyuma yake muda mrefu na kalamu,
kisha akaandika alama ya kimya.

Usiku aliupiga wimbo wa shati.
Ulikuwa mbaya kama paka ndani ya ndoo.
Akaurudia. "Hapa tu," akasema, "hapa kwa Bezhan,
hapa ndipo unapopumua."
Nikacheka. Hakucheka.

Nyimbo za kwetu zina sauti tatu.
Tangu baba aende Poland kuendesha malori
tumekuwa tukiimba na tundu chini:
mama katikati, Pikria juu,
mimi nikipiga meza.
Majira haya ya joto koo limeanza kunisaliti;
naomba chumvi, na mwanamume ndiye anayeiomba.
Jumapili moja, kitunguu mkononi,
nilishuka pale baba alipokuwa akishuka,
nikakuta kuna sakafu.
Mwiko wa mama ukasimama chunguni.
Pikria hakuacha kuimba,
ila mkono wake ulitambaa mezani ukawasha simu.

Septemba anahamia Tbilisi kusomea uhandisi wa sauti.
Mtihani amefaulu, si kwa alama za kutangaza.
Chumba chake kitakuwa changu. Nimekitamani miaka minne,
sasa nakiona kikubwa, kikubwa bila adabu.
Shati analiacha kwenye msumari. Hataki lifuliwe.

Jana alinitia sarafu kiganjani, akanifunga vidole.
"Ukinikumbuka," akasema, "panda."
Lakini sisi tunakaa ghorofa ya pili.
Ili nisikie pale inapoteremka
itabidi nipite kwetu.