Vali

Kompyuta ilisema: kihisio cha hewa.
Nikanunua kipya Kampala, laki nne na nusu,
na mlima wa Kapchorwa
ukalikataa gari tena,
moshi mweusi, krati za maziwa zikilia nyuma.

Leo, Tororo, Nyafwono hakuunganisha waya.
Alipitisha kidole ndani ya bomba
akanionyesha masizi,
mazito kama ugali wa wimbi.

“Vali imekwama wazi.
Injini inavuta pumzi iliyokwisha kuitoa.
Kihisio chako kilisema kweli,
hewa safi ni haba.
Mjumbe hauawi, bwana.
Wewe umemuua, ukanunua mwingine
aje aseme yaleyale.”

Akanipa mswaki na petroli kikombeni.
Nilisugua hadi saa kumi.
Kisha nikakitoa kile cha zamani chini ya kiti,
nikakirudisha mahali pake
bila neno.