Kiatu Kwenye Mfongo

Darasa la tatu, shule moja ya Rau,
mtoto aliyetafuna mkono wa sweta hadi ukawa kamba
alisimama bila kunyoosha kidole:
"Yule jini wa mgomba, wewe ulimwona wapi?"

Mwalimu Ndeshukuru akakohoa.
Nami nikatoa jibu la ugenini,
lile ninalolibeba mkobani pamoja na peremende:
kwamba nasoma sana, natembea na daftari,
kwamba kipaji ni mbegu na bidii ni samadi.
Mtoto akakaa. Akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Kengele ilipolia nilimkuta getini.
Nikamwambia, haya, chukua shilingi zako.

Kibosho, usiku, zamu ya maji ilikuwa yetu:
kuanzia saa nane hadi jogoo wa Mama Anaeli.
Saa nane ikafika, mfongo mkavu.
Baba goti bovu, kaka yuko bweni.
Nina miaka tisa.
Baba akanipa chemli mkono huu,
mkono huu jani la sale,
lile ambalo kwetu huomba radhi kabla ya mdomo.
"Ukimkuta aliyeziba, usitukane. Mwonyeshe."

Nikapanda.
Pelele akalia juu ya mruka
kama mlango wa kanisa uliokosa mafuta.
Majani ya migomba yaliyochanika
yalikuwa yakipiga makofi,
na hakuna aliyekuwa amemaliza kusema.

Kwenye maungio ya mfongo nikakuta kizibo:
gogo la mgomba, udongo, majani,
kimeshindiliwa vizuri kuliko anavyoshindilia baba,
na juu ya udongo alama za viganja
vidogo kuliko vyangu.
Pembeni, kiatu.
Chekundu, cha kushoto, chenye bakoli.
Kijiji kizima tulivaa miguu yetu wenyewe,
isipokuwa binti wa katekista, naye alivaa vyeusi.
Nikaingiza mkono ndani.
Kilikuwa na joto.

Nikazibua. Nikaacha sale juu ya jiwe.
Niliteremka mbio, maji yakanitangulia nyumbani.

Asubuhi nilirudi: kiatu hakipo.
Sale lipo, limefungwa fundo.

Baba alisema, watu wana watoto wengi.
Mama alisema, maliza uji.
Katekista alisema tusali.
Kati ya jibu la baba na jibu la mama
palikuwa na upenyo wa kupita mtoto;
nikajipenyeza, sijatoka, mwaka wa arobaini na moja huu.

Kitabu cha kwanza nilimfanya jini.
Cha pili, msichana wa kwenye mahandaki
ambako mababu walificha ng'ombe na wake zao,
ambaye hakuambiwa kwamba vita vimekwisha.
Cha tatu alikuwa mwizi tu,
na nilikifuta chote, maana mwizi hafungi fundo.
Siku za gulio naenda Kiboriloni,
napekua marundo ya mitumba nikitafuta chekundu, cha kushoto.
Kirangi muuza viatu ananicheka:
"Mama, kwani una miguu mingapi?"

Hayo yote nikamwambia mtoto wa sweta,
na nikajiona nimelipa deni, nikaita bodaboda.

Akatoa kamba mdomoni.
"Na maji?"
Maji gani?
"Kabla hujazibua. Yalikuwa yanaenda kwa nani?"

Bodaboda akapiga honi.
Mimi nimesimama katikati ya vumbi la Rau,
mtu mzima, mwenye miwani, mwenye vitabu sita.
Miaka yote hiyo nilitazama kiatu.
Sikutazama maji.

Nikatia mkono mkobani, nikazipita peremende,
nikawa natafuta kalamu.